Nani Kasema Hatusomi?

Kuna mzaha ambao sisi wenyewe tunaupenda kuliko wanavyoupenda wanaotucheka: ukitaka kumficha Mswahili jambo, liandike kitabuni. Husemwa, watu wakacheka, mazungumzo yakaendelea. Muhula uliopita niliusikia kwenye mkutano wa klabu yetu hii hii, kutoka kwa mwenzetu ambaye mkobani mwake mlikuwa na Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, imechakaa, jalada limeshikizwa kwa selotepu, na kurasa za mwisho zimeanza kuchomoka. Nilimwuliza kitabu ni cha nani. Akasema hajui. Alipewa na binamu yake, binamu alipewa na mtu wa Bristol, na huyo wa Bristol aliletewa kutoka Unguja. "Lakini kisome," akaniambia. "Usipokisoma utakuwa umejinyima."

Itazame hali hiyo kwa macho ya mchapishaji: nakala moja imeuzwa, mara moja, basi. Itazame kwa macho ya mtafiti anayepekua magazeti akitafuta uhakiki: hakuna hata mstari mmoja. Kwa wote wawili kitabu hicho kina msomaji mmoja. Mimi nawajua watatu, na mmoja wao alikuwa akinisihi niwe wa nne. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: wasomaji wa Kiswahili, tangu zamani, walipokipenda kitabu walifanya nini? Walimwambia nani, na alama gani zimebaki? Swali hili si la mchezo, maana ule mzaha hutumiwa kama hoja. Kwa nini riwaya mpya za Kiswahili hazipati mchapishaji? Watu hawasomi. Kwa nini duka zima la vitabu lina rafu moja tu ya Kiswahili, nayo ya vitabu vya shule? Watu hawasomi. Hoja ikirudiwa mara nyingi hakuna tena anayeidai ushahidi.

Tuanze kabla ya mtambo wa kupiga chapa kufika pwani yetu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo bin Athumani kule Pate na ambao hupewa tarehe ya 1728, una beti zaidi ya 1,000. Siku hizo, aliyetaka kuwa na utendi kama huo hakwenda dukani. Aliazima nakala ya mtu, akatafuta karatasi, wino na kalamu ya mwanzi, akakaa chini kunakili kwa herufi za Kiarabu, ubeti baada ya ubeti, siku baada ya siku. Au alimlipa mwenye mkono mzuri amfanyie kazi hiyo. Vyovyote iwavyo, gharama yake ilikuwa kubwa, ya fedha au ya mgongo. Mimi naona kunakili huko ndiko kulikokuwa kusifu. Hakuna anayenakili beti elfu moja za kitabu kilichomchosha.

Najua kuna atakayesema kwamba wanakili wengine walikuwa wakitafuta riziki tu. Ni kweli. Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchonga mbao na bingwa wa hati, alinakili tendi nyingi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, akina Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na walimlipa. Kazi zake kadhaa zimo leo katika maktaba ya SOAS, London, na wanaosoma Uingereza wanaweza kwenda kuziomba na kuziona. Nendeni. Mtu aliyeandika kwa ajili ya malipo peke yake hapambi karatasi namna ile.

Lakini kuna alama nyingine ya mapenzi ambayo naipenda kuliko kunakili, nayo ni takhmisa. Tumeifundishwa darasani kama bahari ya ushairi: mishororo mitano kila ubeti, tia tiki, songa mbele. Ni nadra kuambiwa kwamba takhmisa mara nyingi ni kazi ya msomaji. Mtu husoma shairi la mwenzake, au la mtu aliyekufa zamani, lenye mishororo miwili miwili, likamkaa moyoni, naye akatunga mishororo mitatu ya kuitangulia ile miwili, kwa vina vyake na kwa maana yake, hata ubeti ukatimia tano. Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule yule tunayemjua kwa Al-Inkishafi, alipolichukua shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo. Hakuandika pembeni kwamba shairi ni zuri. Aliingia ndani yake, akajipatia nafasi mbele ya kila jozi ya mishororo, akawa anaongea na mtu ambaye hakuwahi kuonana naye. Edward Steere alipotoa Swahili Tales mwaka 1870, alilichapa shairi hilo pamoja na takhmisa yake. Fikiria leo kitabu kichapwe, na maoni ya msomaji yawe ndani ya kila ubeti, tena yachukue nafasi kubwa kuliko ya mwandishi! Sijui kama kuna uhakiki wa gazeti uliowahi kumpa msomaji heshima ya namna hiyo.

Pembeni ya hayo uko utendi wa Mwana Kupona binti Msham, wa 1858. Alimwandikia binti yake, Mwana Hashima. Kitabu cha msomaji mmoja, basi, mawaidha ya mama mgonjwa kwa mwanawe. Ingawa karibu na mwisho mwenyewe anawaalika wanawake wengine wausome, mwaliko peke yake haufikishi kitabu popote; lazima pawe na mtu wa kukiomba. Na walikuwepo. Uliombwa, ukanakiliwa, ukahifadhiwa kwa moyo, hata Werner na Hichens walipouchapa mwaka 1934 ulikuwa umeshatembea miongo mingi bila msaada wa mchapishaji yeyote. Baadhi ya dada zetu klabuni wana ugomvi na mawaidha yale, na ugomvi wao una haki. Lakini waangalie pia ni nani waliokibeba kitabu hicho: wanawake, majumbani, mkono kwa mkono.

Ukoloni ulileta magazeti na vitabu vya chapa, na hapa nitapita haraka, kwa kuwa habari hizi walimu wetu wamezifundisha vizuri. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwezi wa Januari 1923, gazeti la serikali, lenye malengo ya serikali. Lakini wasomaji hawakukaa ndani ya malengo hayo. Walijaza barua na mashairi, wakaulizana, wakajibizana kwa vina, mtu wa Tanga akamjibu mtu wa Tabora ambaye hawajaonana. Shaaban Robert, karani wa forodha, alijulikana kwanza na watu wa namna hiyo, kwa mashairi ya gazetini, kabla hajawa mwandishi wa vitabu. Ndani ya miaka hiyo hiyo zikaja tafsiri: mwaka 1929 wasomaji walipata Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina.

Hapo kwenye tafsiri sina budi kusimama kidogo, maana nayo ni njia ya msomaji kusema "nimekipenda". Shaaban Robert alisoma rubai za Omar Khayyam katika Kiingereza cha FitzGerald, na mwaka 1952 akatoa Omar Khayyam kwa Kiswahili. Wala si yeye peke yake. Mwaka 1963 Tanganyika ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na ushei, na rais wake alikuwa na mambo ya kumtosha. Mwaka huo huo ilitoka tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Tumezoea kuzieleza kazi za Nyerere kama siasa ya lugha: kuthibitisha kwamba Kiswahili kinaweza. Sikatai. Lakini mtu hatafsiri tamthilia nzima ya Shakespeare, tena kwa mistari ya kishairi, kwa sababu ya sera tu. Sera ingetosha kumwagiza mtu mwingine.

Sasa nifike kwa Bwana Msa, ambaye kwa kweli ndiye niliyetaka kumwandikia tangu mwanzo.

Katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya 1957–58, tuzo ya kwanza ilikwenda kwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Alizaliwa 1918, akafanya kazi ya ukaguzi katika idara ya afya, kisha akaingia uandishi wa habari na kuhariri Mkulima, gazeti la kilimo. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka kitabu mwaka 1960 kwa East African Literature Bureau. Tajiri mwenye shamba anakutwa ameuawa mzimuni, mahali ambapo watu hawapiti ovyo. Wenye kuogopa mizimu wana maelezo yao. Polisi wana yao. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anasikiliza wote, anauliza maswali yanayoonekana hayana maana, na mwisho anawaonyesha kwamba muuaji ni mtu, na sababu zake ni za watu.

Wahakiki hawakukawia kuona kivuli cha Sherlock Holmes. Kiko kipo, rafiki wa kumsindikiza mpelelezi yupo, yaani Najum, na Inspekta Seif yupo wa kukosea kwa heshima. Kwa muda mrefu jambo hilo limeandikwa kama dosari, kwamba Abdulla aliiga. Mimi nalisoma vingine. Abdulla naye alikuwa msomaji aliyekipenda kitabu cha watu, akafanya kama Sayyid Abdallah alivyofanya kwa Liyongo: alikichukua akakitungia chake. London ya ukungu na taa za gesi ikawa Unguja ya mashamba, jamaa wanaogombea mirathi, watumishi wanaojua zaidi kuliko mabwana zao, na mazungumzo marefu ya watu wenye adabu wanaofichana mambo. Mazungumzo hayo ndiyo utamu wake. Ukimsoma Abdulla kimoyomoyo unapata nusu.

Ushahidi wa hilo niliupata kwa simu. Baba wa mwenzetu mmoja, mzee aliyekulia mjini Unguja na ambaye, kama wengi waliohama baada ya 1964, amemalizia umri wake Maskati, nilimpigia nimwulize habari za vitabu vya ujana wake. Nilitaraji anitajie majina. Badala yake alianza kuniigiza sauti. Alisema barazani kwao alikuwapo kijana mmoja tu aliyeruhusiwa kusoma, kwa kuwa alijua kubadilisha sauti ya kila mhusika, na ya Bwana Msa aliitoa polepole kama mtu aliyebana kitu kwenye meno. Walikutana baada ya sala ya isha. Kabla ya sura za mwisho msomaji alikifunga kitabu, na kila mmoja alilazimika kusema muuaji ni nani na kwa nini, na hoja yake ikapigwa mpaka ikavunjika au ikasimama. Kuna mmoja aliyekichungulia kitabu mchana, kwa siri, akaja usiku na jibu sahihi. Waligundua kwa sababu alijua jibu lakini hakuweza kueleza alivyolifikia. "Tulimfukuza barazani juma zima," mzee akasema, akacheka mpaka akakohoa. Nikamwuliza kitabu kilikuwa cha nani. Hakumbuki. Hadhani kama kuna aliyejua.

Nimelifikiria sana lile kosa la yule kijana. Barazani hapo palikuwa na kanuni: haikutosha kujua mwisho, ilibidi uonyeshe njia. Huo ni uhakiki. Haukuandikwa popote, na waliokuwa wakiufanya wasingeuita hivyo, lakini ulikuwa na ukali wake, na naona ulikuwa mkali kuliko baadhi ya semina nilizohudhuria.

Abdulla alirudi na Kisima cha Giningi mwaka 1968, kisha Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu na Mwana wa Yungi Hulewa, zote ndani ya miaka ya 1970. Watu hawakuviita kwa majina hayo wala kwa jina la mwandishi. Waliviita vitabu vya Bwana Msa, na mpaka leo hata wataalamu huandika "riwaya za Bwana Msa". Mhusika aliwashinda mwandishi na vitabu vyake vyote kwa umaarufu. Mwandishi anayejua kazi yake hamrudishi mara tano mhusika ambaye hakuna anayemwulizia.

Bara nako mambo yalikuwa yanabadilika kwa kasi ambayo ni rahisi kuisahau. Mwaka 1967 takribani thuluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Kwa takwimu za serikali, ilipofika 1986 waliobaki hawakufika asilimia 10. Katikati hapo, mwaka 1973, ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio, kisha mmoja akasoma kijitabu kwa sauti na wengine wakajadili. Mada zilikuwa malaria, maji safi na vyoo. Si riwaya, na wala sidai kwamba watu walikesha kwa utamu wa habari za vyoo. Lakini tazama umbo lake: kitabu kimoja, sauti moja, duara la wasikilizaji, halafu mjadala. Ni lile lile la barazani. Kampeni ilifaulu kwa sehemu kwa kuwa iliwakuta watu wakijua tayari namna ya kusoma wengi kwa kitabu kimoja.

Waliojifunza kusoma hawakubaki kwenye malaria. Faraji Katalambulla alikuwa ameshatoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mpelelezi wa Kiafrika anayewaandama maadui wa harakati za ukombozi, katika mji wa Dar es Salaam ambao kweli ulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Baadaye akaja Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Mwanahistoria Emily Callaci, katika kitabu chake cha 2017, ameonyesha jinsi vijana wa Dar es Salaam walivyoandika na kuchapisha hadithi zao wenyewe nje ya njia rasmi, na jinsi hadithi hizo zilivyozunguka mjini.

Chuoni tukaziita "fasihi pendwa". Naomba walimu wetu wanisamehe, lakini kila ninapolisikia neno hilo najiuliza limekuwaje tusi. Pendwa, yaani inayopendwa. Tulipata vitabu ambavyo watu walivipenda kwa hiari yao, walivinunua kwa pesa ya nauli, wakavimaliza na kuvipitisha kwa jirani, nasi tukautumia upendo wenyewe kuwa jina la upungufu wao. Kisha tukageuka tukasema watu hawasomi! Sisemi Willy Gamba amelingana na wahusika wa Kezilahabi. Zipo kurasa za Musiba ambazo hata mimi, mpenzi wake, nimeziruka. Nasema tu kwamba anayetafuta wasomaji wa Kiswahili miaka ya 1970 na kuanza kwa kuwafuta wasomaji hawa, asishangae kukuta chumba kitupu.

Na Kezilahabi mwenyewe? Rosa Mistika ilitoka 1971. Ni habari ya binti wa Ukerewe, baba yake mkali kupita kiasi, na yaliyompata alipokuwa mbali na ukali huo. Ilizuiwa shuleni kwa muda, kwa kuwa ilisema wazi mambo ambayo watu wazima walitaka yasemwe kwa mafumbo. Mama yangu mkubwa alikuwa katika sekondari ya bweni ya wasichana miaka hiyo. Anasema bwenini mwao iliingia nakala moja, na foleni ya kuisoma ilikuwa ndefu kiasi kwamba waliichana vipande vitatu ili watatu wasome kwa wakati mmoja. Yeye bahati yake ilimpa kipande cha mwisho kwanza. Alijua yatakayompata Rosa kabla hajamjua Rosa. Kipande cha mwanzo alikipata wiki mbili baadaye, kimefungwa ndani ya jalada la kitabu cha jiografia, na anasema alikisoma analia, kwa sababu kila mahali Rosa alipocheka yeye alishajua. Hajawahi kuandika neno lolote juu ya riwaya hiyo. Ana umri wa zaidi ya miaka 60 na bado anaweza kuisimulia sura kwa sura.

Mimi niliisoma miaka mingi baada yake, kwa njia halali, kwa ajili ya mtihani. Nilijifunza dhamira kuu na dhamira ndogondogo, wahusika wakuu na wasaidizi, tamathali za semi, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Mengi nilijifunza kwenye mwongozo ulioandikwa na mtu mwingine, mwembamba kuliko riwaya. Nilipata alama nzuri. Hakuna aliyeniuliza kama niliipenda, na kwa kweli wakati ule nisingejua la kujibu. Nilipomweleza mama mkubwa kwamba tumeisoma shuleni, aliuliza, "Ulilia?" Nikamwambia tulifanya uchambuzi.

Nadhani hapa ndipo pameharibika, wala si kwenye uvivu wa msomaji. Kiswahili kilipokuwa somo la lazima katika mtihani, kama Kenya ilivyofanya na mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, riwaya ilipata wanunuzi wa uhakika, maelfu kwa maelfu. Mchapishaji angekuwa mjinga kuwaacha. Lakini kitabu cha mtihani hakiazimwi kwa mapenzi, hakichanwi vipande vitatu, na kikishafanyiwa mtihani hufungwa. Sokoni kikabaki kitabu kinachouzwa bila kupendwa, na mitaani kikabaki kitabu kinachopendwa bila kuuzwa. Anayehesabu mauzo huona cha kwanza tu.

Lazima niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana naimba sifa tupu. Mapenzi haya ya mkono kwa mkono hayakumlisha mwandishi. Lile baraza la Unguja lilipata furaha ya miezi kwa bei ya nakala moja, na Abdulla alipata haki ya nakala moja. Mtobwa alifikia hatua ya kuwa mchapishaji mwenyewe. Kuna vitabu vya miaka ya 1970 ambavyo vilipendwa mpaka vikaisha, kwa maana halisi: vilisomwa mpaka vikachanika, havikuchapwa tena, na leo ukivitaka utaulizia kwa wazee mmoja mmoja. Vingine, kwa kichekesho cha historia, vimesalimika katika maktaba za vyuo vya ugenini kama chetu, visafi, kwa kuwa hapa hakuna aliyevigombea.

Siku hizi alama mpya zinaonekana. Abdulrazak Gurnah alipopata tuzo ya Nobel mwaka 2021, wengi wetu tuliona fahari ya mtu wa kwetu aliyeandika kwa lugha nyingine. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akakitoa Paradise kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, na ghafla wale wahusika wakaanza kuongea kama walivyopaswa. Mwaka 2021 huo huo Amil Shivji aliitoa filamu ya Vuta N'kuvute, miaka 22 baada ya riwaya, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Nilipoitazama niliwaza takhmisa: msomaji ameweka yake mbele ya ya mwenyewe, wala hakuifuta.

Nimeshamaliza kukisoma kile kitabu cha selotepu. Kwenye ukurasa wa kwanza, upande wa ndani wa jalada, kuna majina saba, kila moja kwa mkono na wino wake, mawili hayasomeki tena. Nilikuwa nimehesabu wasomaji watatu. Mmoja wa hao saba ameandika mwaka, 2004, na chini yake, kwa penseli, "nimelala saa tisa usiku kwa ajili ya Yasmin". Kurasa zilizokuwa zikichomoka nimezibandika. Kipo chumbani kwangu mpaka mkutano wa Jumatano ijayo. Anayekitaka aje mapema, maana wawili wameshaniomba.